Maswali ya Wapigaji: Pale F Inapogeuka F#

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia wimbo mmoja, Autumn Leaves. Tuni yake ni ya Joseph Kosma, mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi Ufaransa. Mshairi Jacques Prévert aliipa maneno ya Kifaransa, ikasikika katika filamu Les Portes de la nuit ya mwaka 1946, kisha Johnny Mercer akaandika maneno ya Kiingereza na wapigaji wa jazi wakaichukua jumla. Tunaijibia katika ufunguo wa G maina, ule wa rekodi ya Cannonball Adderley na Miles Davis ya mwaka 1958. Kodi (si ile ya mwenye nyumba, bali noti kadhaa zinazolia pamoja) ni hizi, kila kipimo kina mapigo manne, "b" ni flati (nusu toni chini), na "#" ni shapu (nusu toni juu):

Vipimo 1–8, na tena 9–16: Cm7 | F7 | Bbmaj7 | Ebmaj7 | Am7b5 | D7 | Gm6 | Gm6
Vipimo 17–24: Am7b5 | D7 | Gm6 | Gm6 | Cm7 | F7 | Bbmaj7 | Ebmaj7
Vipimo 25–32: Am7b5 | D7 | Gm7 Gb7 | Fm7 E7 | Ebmaj7 | D7 | Gm6 | Gm6

Shikamooni walimu. Mimi ni mpiga solo wa bendi ya dansi, na wimbo huu tumeanza kuupiga hotelini. Natumia pentatoniki (skeli ya noti tano) ya G maina mwanzo hadi mwisho. Hakuna noti inayolia vibaya sana, lakini solo inaelea tu, kama haijui kodi zinakwenda wapi. Tatizo ni vidole au ni masikio? – Mpiga gitaa, Mwanza

Marahaba. Vidole vizima na masikio mazima. Kilichopungua ni noti tatu. Pentatoniki yako ina G, Bb, C, D na F. Sasa tazama noti ya tatu ya kila kodi, ukihesabu kutoka mzizi (noti inayoipa kodi jina), maana hiyo ndiyo inayomwambia msikilizaji ni kodi gani. Ya Bbmaj7 ni D: unayo. Ya Ebmaj7 ni G: unayo. Ya Am7b5 ni C na ya Gm ni Bb: zote unazo. Lakini ya Cm7 ni Eb, ya F7 ni A, ya D7 ni F#, na hakuna hata moja kati ya hizo uliyo nayo. Na hizo tatu ndizo kodi zinazosukuma wimbo. Nyingine ni za kufikia na kupumzika. Kwa hiyo umebaki na vituo bila barabara.

Kuna na kosa la pili, dogo zaidi. Ukikaa juu ya Bb wakati kodi ni Am7b5, umekaa nusu toni juu ya mzizi wa kodi, na hapo panakwaruza. Kupita juu yake ni sawa, kutulia hapana.

Dawa yake inaanzia mahali unapopajua. Mpiga solo wa dansi amezoea kupiga nyuzi mbili kwa pamoja, noti mbili zikitembea sambamba. Fanya hivyohivyo, ila safari hii noti zako mbili ziwe ya tatu na ya saba ya kila kodi. Tumia uzi wa nne na wa tatu tu. Tunaandika freti ya uzi wa nne kwanza, halafu ya uzi wa tatu:

Cm7: 8 na 8. F7: 7 na 8. Bbmaj7: 7 na 7. Ebmaj7: 5 na 7. Am7b5: 5 na 5. D7: 4 na 5. Gm: 3 na 3, au ukitaka Gm6, 2 na 3.

Piga kila jozi mapigo manne, polepole, mtu mwingine akishika besi. Utaona kwamba kila kodi inapobadilika, mara nyingi uzi mmoja unasubiri na mwingine unashuka, kisha wanapokezana. Wimbo mzima umejificha humo. Sikiliza hasa uzi wa nne mwishoni: 5, 4, 3. Hiyo ni G, F#, F. Ukiacha E ya Gm6, ile F# ndiyo noti pekee ya ugeni katika kodi za vipimo vinane vya kwanza. Nyingine zote ni za skeli ya Bb meja. Ukiipiga kwenye D7, hata asiyejua muziki atasikia kwamba tumekaribia nyumbani. Ukiipiga kwenye F7 mtu atageuka kukuangalia.

Jozi hizo zikishakaa mkononi, baki na noti moja ya jozi, ile ya tatu, na ujenge msemo kuizunguka: iguse kwa kutokea nusu toni chini, au ishukie kutoka noti mbili juu, mradi pigo la kwanza la kipimo likutane na ya tatu. Pentatoniki usiitupe. Katika vipimo vya 7 na 8 inatosha kabisa, na ladha yake ya bluzi ni nzuri pale.

Na ukitaka ushahidi kwamba hatujakubunia sheria, imba tuni yenyewe. Kila msemo unapanda noti tatu kisha unaruka na kutua: G, A, Bb, halafu Eb; F, G, A, halafu D; Eb, F, G, halafu C; D, E, F#, halafu Bb. Zile za kutua, Eb, D, C na Bb, ni noti ya tatu ya Cm7, ya Bbmaj7, ya Am7b5 na ya Gm. Kosma alishakufanyia kazi.

Katika msemo wa nne mmeandika D, E, F#. Lakini G maina ina Eb, si E. Mmekosea uchapaji? – Mwanakwaya, Morogoro

Hatujakosea. Nyinyi mliokulia kwenye do-re-mi za kwaya mnalo jibu tayari: maina inapopanda kuelekea la ya juu, so hupandishwa ikawa se, na fa hupandishwa ikawa ba ili sauti isiruke pengo pana kati ya fa na se. Basi msemo ule ni mi, ba, se, do. Inaposhuka, fa na so hurudi kawaida.

Napiga kinanda kanisani na sasa nimealikwa kwenye kundi la jazi. Kodi nazipiga zote kutoka mzizi, mkono wa kushoto, chini. Mpiga besi anasema namkanyaga. Pia sielewi: kodi ya nyumbani ni Gm7, Gm6 au Gm yenye F#? Kila kitabu kina lake. – Mpiga kinanda, Dodoma

Mpiga besi ana haki. Kanisani wewe ndiwe besi. Hapa mzizi una mwenyewe. Ukiupiga tena huko chini sauti zinajaa matope, na zaidi ya hapo unamfungia mwenzako asiweze kutembea. Sogeza mkono wa kushoto uwe karibu na C ya katikati na upunguze noti. Kwa kodi tatu zinazokusumbua, jaribu hivi kutoka chini kwenda juu:

Am7b5: G, A, C, Eb.
D7 yenye b9: F#, A, C, Eb.
Gm: F, A, Bb, D.

Kutoka ya kwanza kwenda ya pili kidole kimoja tu kinasogea, G kwenda F#. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, A inabaki na nyingine zinashuka. Usiziinue mkono ukazirusha, ziteleze. Kosa tunalolisikia sana ni mpigaji kupandisha kodi nzima juu na chini ya kinanda kila kipimo, na ile njia ya nusu toni inakatika katikati.

Kuhusu kodi ya nyumbani: zote tatu zinakubalika, lakini si kitu kimoja. Gm7 (yenye F) ni laini na imelegea, inafaa pale unapotaka wimbo uendelee kutembea, ndiyo maana kipimo cha 27 kina Gm7 na si Gm6. Gm6 (yenye E) imetulia zaidi na ina kivuli cha huzuni bila kulia. Ndiyo tunayoipendekeza vipimo vya 7, 8 na mwisho. Katika umbo lako badilisha F iwe E: E, A, Bb, D. Gm yenye F# ni kali, itumie mara moja, pengine kwenye kodi ya mwisho kabisa ya onyesho, au uipitie tu ukishuka: Gm, kisha G yako ishuke F#, F, E, mapigo mawili kila noti. Vipimo vya 7 na 8 vina mapigo manane, noti nne, zinatosha barabara.

Kitu kimoja cha kuepuka: Eb juu ya kodi ya nyumbani. Iko nusu toni juu ya D, na ukiishikilia Gm inageuka kusikika kama Ebmaj7. Msikilizaji anaona bado hamjafika. Hapo skeli ya kubunia iwe G, A, Bb, C, D, E, F#, ile ya mi-ba-se. Eb inangoja Am7b5 na D7, na huko ni tamu.

Mpiga gitaa wa kundi lenu naye apate kitu: Am7b5 ashike freti 5 uzi wa sita, 5 uzi wa nne, 5 uzi wa tatu, 4 uzi wa pili. D7b9: freti 5 uzi wa tano, 4 uzi wa nne, 5 uzi wa tatu, 4 uzi wa pili. Gm6: freti 3 uzi wa sita, 2 uzi wa nne, 3 uzi wa tatu, 3 uzi wa pili. Nyuzi zisizotajwa azizime.

Tumechapisha nota kutoka kitabu, ziko E maina. Mpiga gitaa anasoma E maina, mimi na alto saksafoni nasoma karatasi hiyohiyo. Tukianza ni vurugu tupu. Nani kakosea? – Nairobi

Karatasi haijakosea, wala nyinyi. Alto yako ukipiga E, inasikika G ya kinanda. Ulikuwa unapiga G maina na mwenzako E maina. Kwa karatasi ile wewe soma C# maina. Mwenye tarumbeta au saksafoni ya tena asome F# maina. Kama hampendi shapu nyingi kiasi hicho, gitaa ahamie G maina, wewe ndipo usome E maina, na tarumbeta isome A maina.

Assalamu alaykum. Mimi ni mpiga fidla wa taarabu. Niliposikia vijana wakipiga D7 ya wimbo huu nikasikia hijazi (mojawapo ya maqamu, yaani skeli za taarabu) waziwazi. Je, naweza kuingia na hijazi yangu, au nitaharibu? – Unguja

Wa alaykumu salaam. Sikio lako halijakudanganya. Hijazi inayoanzia D ukiiweka juu ya noti za kinanda ni D, Eb, F#, G, A, Bb, C. Ni noti zilezile za skeli ya G maina yenye F# iliyopandishwa, ila zimeanzia kwenye D. Wapigaji wa jazi wanaipiga juu ya D7 kila siku bila kuijua kwa jina hilo. Na wimbo wenyewe, ukiutazama kwa macho ya taarabu, ni nahawandi (maqamu nyingine) ya G: F# ikipanda, F ikishuka. Wewe hapa si mgeni.

Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni mahali. Hijazi ya D inakaa kwenye vipimo vya Am7b5 na D7: vya 5 na 6, 13 na 14, 17 na 18, 25 na 26, na cha 30 peke yake. Ukiivusha hadi Cm7, F7 na Bbmaj7, ile F# inagongana na F ambayo ni mzizi wa F7 na noti ya tano ya Bb. Pale rudi kwenye F ya kawaida. Ni kama kuhama maqamu katikati ya wimbo, ila hapa unahama kila baada ya vipimo vinne, na hakuna takasimu (utangulizi wa kubuni) ya kukuandalia njia.

La pili ni sauti yenyewe. Katika hijazi ya fidla au udi, Eb mara nyingi hupandishwa kidogo na F# kushushwa kidogo, pengo kati yao lisiwe pana mno. Kinanda hakiwezi hivyo. Ukiwa peke yako na besi, vuta utakavyo. Ukiwa na kinanda kilichoshika F#, A, C, Eb, F# yako iliyoshuka itasikika kama fidla haijakazwa vizuri. Weka F# pale kinanda kilipo. Ladha yako iweke kwenye Eb, hasa ukiipitia haraka kwenda D.

La tatu ndilo gumu, na halihusu noti. Katika hijazi D ni qarari: unatembea, unarembesha, kisha unarudi kutulia D. Katika wimbo huu D ni mlango. Mkono wako utataka kumalizia msemo kwenye D, na kundi zima litakuwa tayari limeshavuka kwenda Gm. Anza msemo wako kwenye D7 lakini uumalize kipimo kinachofuata, kwenye Bb. Mfano mfupi kwa noti za nusu pigo: Eb, D, C, Bb, A, G, F#, A, halafu Bb kwenye pigo la kwanza la Gm. Utasikia hijazi ikifungukia nahawandi.

Wanaotaka ukali zaidi juu ya D7 hutumia D, Eb, F, F#, Ab, Bb, C, yaani noti za Eb maina yenye ba na se. Ina mvutano mwingi zaidi na haina A wala G za kupumzikia. Tungekushauri uizoee hijazi ndani ya jazi kwanza.

Sisi tunapotea kila mara tukifika katikati. Mmoja yuko mwanzo, mwingine yuko sehemu ya tatu. Tunahesabu lakini wapi. – Bendi ya vijana, Arusha

Mnapotea kipimo cha 17, na wengi hupotea papo hapo. Sababu iko kwenye karatasi: vipimo 13–16 ni Am7b5, D7, Gm6, Gm6, na 17–20 ni hivyohivyo tena. Mara mbili mfululizo. Mwenye usingizi kidogo anasikia Gm ya kipimo cha 16, anadhani ni mwanzo, anapiga Cm7.

Kuhesabu mpaka 32 hakusaidii mtu anayebuni. Wekeni alama ndani ya muziki. Alama bora ni G7. Piga G7 katika nusu ya pili ya kipimo cha 8, cha 20 na cha 32, kwa sababu baada ya hivyo vitatu kodi inayofuata ni Cm7, na G7 inaivuta. Kipimo cha 16 msiipige kabisa, kaeni Gm6. Mpiga besi akishika kanuni hiyo peke yake, kundi zima litajua lilipo: nikisikia B asilia chini, Cm7 inakuja, nisipoisikia, ni Am7b5. Mpiga ngoma naye aongeze kitu kidogo mwishoni mwa kipimo cha 16, asibamize, abadilishe tu sahani anayoipiga.

Vipimo vya 27 na 28 vina kodi mbilimbili na zinapita kabla sijafikiri. Pia karatasi nyingine imeandika C7 badala ya Gb7, na Bb7 badala ya E7. Nifuate ipi? – Mpiga tarumbeta, Nakuru

Fuata yoyote. C7 ina E na Bb kama ya tatu na ya saba. Gb7 ina zilezile, zimebadilishana nafasi tu. Bb7 na E7 vivyo hivyo: D na Ab. Kwa hiyo mpiga kinanda akisoma moja na mpiga gitaa akisoma nyingine, moyo wa kodi haugongani, ingawa noti za pembeni zinaweza kukwaruzana, hivyo ni vema mmoja wao apunguze. Gb7 na E7 zinapendwa kwa sababu besi inashuka nusu toni nusu toni: G, Gb, F, E, Eb, D.

Kuhusu kasi, usijaribu kuzipigia skeli sita tofauti. Shika noti ya tatu ya kila kodi uone: Gm7 ni Bb, Gb7 ni Bb, Fm7 ni Ab, E7 ni Ab hiyohiyo (huandikwa G#), Ebmaj7 ni G, D7 ni F#. Kwa hiyo una Bb mapigo manne, Ab manne, G manne, F# manne, kisha unatua. Noti nne tu kwa vipimo vinne. Kwa tarumbeta ziandike toni moja juu: C, Bb, A, G#. Zipige ndefu kwanza, mzunguko baada ya mzunguko, mapigo 80 kwa dakika, metronomu ikilia kwenye pigo la pili na la nne. Zikikaa, tangulia kila moja kwa noti mbili za nusu pigo, moja ya juu na moja ya nusu toni chini yake. Usipandishe kasi zaidi ya mapigo 8 kwa mara moja, na ukianza kukosa ile F#, rudi ulipotoka.

Ukishafika kipimo cha 31, una vipimo viwili vya Gm na kishawishi cha kuvijaza. Katika rekodi ile ya 1958, sikiliza Miles Davis anavyopumua kati ya misemo, halafu wewe ukifika pale shusha tarumbeta kwa mapigo sita ya kwanza, na uingie pale G7 inapolia.